Amplifaya Inayopotosha kwa Makusudi: Nani Anawasha Taa Nyekundu ya LOS?

Wanachuo wenzangu, kama umewahi kupanga chumba chenye intaneti ya faiba, unaifahamu taa moja yenye herufi tatu: LOS. Ikiwa imezima, maisha yanaendelea. Mnapakua slaidi, mnaangalia mpira, mnalalamikia matokeo kwenye grupu. Ikiwaka nyekundu, chumba kizima kinageuka kikao cha dharura. Herufi hizo ni kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya kupotea kwa mawimbi, na kila mpangaji anajua tafsiri yake ya mtaani: leo hakuna neti.

Lakini ni nani hasa ndani ya lile boksi anayeamua kwamba mawimbi yamepotea? Katika ruta nyingi za faiba, uamuzi huo unatolewa na saketi moja ndogo ambayo kazi yake ya msingi wala si kuwasha taa. Kwa Kiswahili nitaiita amplifaya-kikomo. Kila biti inayoingia chumbani kwako kupitia faiba inapita humo kabla haijafika kwenye simu.

Nimeamua kuiandika kwa sababu inapingana na sentensi ambayo sote tuliosoma elektroniki tumekaririshwa: amplifaya nzuri ni ile isiyopotosha wimbi. Hii inapotosha kwa makusudi, na siku isipopotosha inahesabika mbovu. Siri yake ni kujua nini cha kutupa. Inatupa kimo cha wimbi, inalinda wakati. Ukilishika hilo, utaelewa kwa nini inajengwa ilivyojengwa, taa ya LOS inasema nini na haisemi nini, na kwa nini kwenye mitambo mikubwa ya kisasa imeanza kuondolewa.

Mnaosoma sheria na uhasibu msikimbie. Hesabu zilizopo humu ni za kuzidisha na kugawanya tu.

Kutoka mwanga hadi volti

Ndani ya unyuzi wa kioo, biti ya 1 ni mwanga mwingi na biti ya 0 ni mwanga kidogo. Tuchukue mfano unaojulikana: Etherneti ya gigabiti 10 kwa sekunde, ile ya kilomita 10, ambayo kiwango chake kilipitishwa na IEEE mwaka 2002. Ukijumlisha biti za usimbaji, kasi halisi kwenye waya ni gigabiti 10.3125. Kila biti inadumu pikosekunde 97. Kwa muda huo mwanga ndani ya kioo unasogea kama sentimita 2 tu. Yaani data zako zimepangana ndani ya mkongo kama treni yenye mabehewa ya sentimita 2, na mabehewa zaidi ya bilioni 10 yanapita stesheni kila sekunde.

Stesheni ya kwanza ni fotodaiodi, kijipande cha semikondakta kinachogeuza mwanga kuwa mkondo wa umeme. Kwa kawaida wati 1 ya mwanga inatoa mkondo wa kama ampea 0.9. Kiwango nilichokitaja kinamtaka mpokeaji afanye kazi hata mwanga ukishuka hadi dBm −14.4, ambayo ni kama mikrowati 36. Kwa hiyo mkondo wa wastani ni mikroampea 33 hivi. Ni mdogo sana.

Stesheni ya pili ni amplifaya ya awali, inayougeuza mkondo huo kuwa volti. Tuseme ina ukuzaji sawa na ukinzani wa omu 500. Tofauti kati ya 1 na 0 itakuwa kama milivolti 20. Stesheni ya mwisho ni saketi ya kusoma biti, ile inayorejesha saa na kuamua "hii ni 1, hii ni 0". Yenyewe inataka mamia ya milivolti, na inataka kiasi kilekile kila siku.

Hapo ndipo tatizo lilipo. Kiwango hichohicho kinamtaka mpokeaji avumilie pia mwanga wa dBm 0.5, ambao ni mara 31 ya ule wa chini. Aliye karibu na kituo anapata mwanga mkali, aliye mbali anapata hafifu. Lazima kuwe na mtu katikati wa kuwasawazisha.

Njia mbili za kusawazisha

Njia ya kwanza ni ya fundi mitambo ukumbini. MC akipayuka anashusha sauti, akinong'ona anaipandisha. Ile sauti yenyewe haiharibiki, ni ukubwa wake tu unaorekebishwa. Amplifaya za namna hiyo zipo, lakini zinahitaji saketi ya kupima ukubwa, saketi ya kurudisha kipimo nyuma, na muda wa kutulia.

Njia ya pili ni ya mkutano mkuu wa serikali ya wanafunzi wakati wa kupiga kura. Aliyesema "ndiyo" kwa kelele hadi mishipa ikamtoka, na aliyesema "ndiyo" kwa kunong'ona, wote wawili wanahesabiwa kura moja moja. Mhesabu kura hajali sauti. Anajali upande gani, na lini.

Amplifaya-kikomo ni mhesabu kura. Inalikuza wimbi kwa nguvu kubwa hadi linagonga dari juu na sakafu chini, kisha linakatwa hapo. Wimbi la milivolti 20 linatoka na kimo kamili, na la milivolti 500 linatoka na kimo kilekile. Kwa kuwa ujumbe wetu una ngazi mbili tu, 1 na 0, kimo hakikuwa na habari yoyote ya ziada ya kutufaa. Tumekitupa bila hasara. Kilichobaki ni zile sehemu ambapo wimbi linavuka mstari wa kati, kutoka 0 kwenda 1 na kurudi. Habari yote imo kwenye wakati wa kuvuka.

Inakataje bila kukwama?

Swali zuri, kwa sababu ukichukua amplifaya ya kawaida ukaisukuma hadi ukutani, inakwama. Transista inajaa chaji, na kuirudisha inachukua muda. Kwenye pikosekunde 97 hakuna muda huo.

Dawa ni jozi ya transista zinazogawana mkondo mmoja usiobadilika. Fikiria wewe na rumeti wako mnagawana bumu la elfu 8. Ukichukua 5 yeye anabaki na 3. Ukichukua zote 8 yeye anabaki na sifuri. Hata ukimbembeleza vipi, hutapata elfu 9, kwa sababu haipo. Kwenye saketi, mkondo wa miliampea 8 unaelekezwa kushoto au kulia kulingana na upande wenye volti kubwa. Ukiupitisha kwenye ukinzani wa omu 50, mabadiliko ya juu kabisa ni milivolti 400, hayazidi. Kikomo kimetokana na hesabu ya mkondo wenyewe, na hakuna transista iliyozamishwa. Mkondo umehama njia tu, na kuhama njia ni jambo la haraka.

Kwa transista za aina ya baipola, tofauti ya milivolti 100 tu kati ya pande mbili inatosha kuuelekeza asilimia 98 ya mkondo upande mmoja. Chini ya hapo, jozi ile inafanya kazi kama amplifaya ya kawaida. Juu ya hapo, imeshakata.

Kwa nini ngazi nyingi?

Sasa hapa ndipo mambo yanapokuwa matamu kwa watu wa uhandisi. Tuseme tunataka kukuza mara 100, na tunataka upana wa masafa wa gigahezi 8. Ukitumia hatua moja, unahitaji transista yenye uwezo wa 100 mara 8, yaani gigahezi 800. Hilo ni ombi kubwa mno kwa chipu ya bei ya kawaida.

Gawanya kazi kwa hatua nne, kila moja ikuze mara 3.16. Ukizizidisha zote unapata 100. Shida ni kwamba hatua zikifuatana upana unapungua: kwa hatua nne rahisi zinazofanana, upana wa jumla unabaki asilimia 43.5 ya upana wa hatua moja. Kwa hiyo kila hatua lazima iwe na gigahezi 18.4 ili jumla iwe 8. Zidisha sasa 3.16 kwa 18.4: unapata gigahezi 58. Tumetoka 800 hadi 58 kwa kupanga foleni tu, bila kubadilisha transista. Ndiyo maana ukifungua mchoro wa amplifaya-kikomo yoyote utakuta hatua kadhaa zilizofungwa mkiani mwa nyingine.

Kuna mbinu nyingine mbili za kuvuta upana. Ya kwanza ilichapishwa na Cherry na Hooper mwaka 1963: unafunga hatua mbili pamoja, moja ikitoa mkondo na ya pili ikiupokea kwa mrejesho, ili hakuna kiungo chochote kati yao chenye ukinzani mkubwa wa kuchelewesha kapasita zilizojificha. Ya pili ni ya zamani zaidi, enzi za valvu za kioo: unaweka koili ndogo mfululizo na ukinzani wa mzigo. Koili inachelewesha mkondo usikimbilie kwenye ukinzani, hivyo kapasita inajazwa upesi. Kwa hesabu safi, upana unaongezeka hadi mara 1.85, au mara 1.72 ukitaka mwitikio ubaki tambarare.

Mwaka 2003 Sherif Galal na Behzad Razavi wa chuo kikuu cha UCLA huko Marekani walionyesha nini kinawezekana mbinu hizi zikichanganywa. Walitumia CMOS ya mikromita 0.18, teknolojia ya chipu za kawaida za kompyuta za wakati huo, si vile vifaa ghali vya gali-aseniki. Walipata ukuzaji wa desibeli 50, yaani kama mara 316, upana wa gigahezi 9.4, na uwezo wa kusoma wimbi la milivolti 4.6, kwa kula miliwati 150. Hiyo ina maana kubwa kwa bei: kitu kinachoweza kutengenezwa kwenye kiwanda kilekile cha chipu za kawaida ndicho kinachoweza kufika hadi nyumba ya kupanga.

Maadui wa wakati

Nilisema saketi hii inalinda wakati. Basi maadui zake ni wale wanaochezea wakati.

Adui wa kwanza ni kutolingana. Transista mbili zilizotengenezwa pacha hazifanani kabisa. Tuseme zinatofautiana kwa milivolti 3. Kidogo, si ndiyo? Kuza mara 316: karibu volti 1. Amplifaya itaegemea upande mmoja na kugandia hapo hata kabla data haijaingia. Hata tofauti ndogo zaidi inahamisha mstari wa kati, ili 1 zote ziwe pana na 0 zote ziwe nyembamba. Mhesabu kura ameanza kuegemea upande.

Dawa yake ni saketi ya mrejesho inayopima wastani wa matokeo na kurudisha masahihisho mwanzoni. Lakini dawa hii nayo ina madhara. Data ikileta mfululizo mrefu wa 1, saketi itadhani ni kutolingana na kuanza "kusahihisha" data halali. Kwa hiyo lazima iwe pole sana. Chukua biti 72 zinazofanana mfululizo kwa kasi ya gigabiti 10: ni nanosekunde 7.2. Kama masahihisho yanaanza kwenye megahezi 1, wimbi litateleza kwa kama asilimia 4.5 ndani ya muda huo. Yakianza kwenye kilohezi 100, ni chini ya asilimia 0.5. Upole huo unataka kapasita kubwa, ndiyo maana chipu nyingi za namna hii zina pini maalumu ya kufunga kapasita nje.

Adui wa pili ni kelele. Watu wengi hudhani kukata kimo kunaondoa kelele. Kunaondoa ile iliyokaa juu ya dari tu. Kelele iliyokaa kwenye mteremko, pale wimbi linapovuka mstari, inageuka kuwa kuyumba kwa wakati. Wimbi letu la milivolti 20 likipanda kwa pikosekunde 30, mteremko ni kama milivolti 0.67 kwa kila pikosekunde. Kelele ya milivolti 1 hapo inasogeza wakati wa kuvuka kwa pikosekunde 1.5. Na kikishakatwa, kosa hilo linapita likiwa limevaa suti: mawimbi yote yanatoka na kimo kizuri kinachopendeza kwenye oskiloskopu, lakini yanayumba kushoto na kulia. Kwa hiyo amplifaya-kikomo haimfanyi mpokeaji asikie vizuri zaidi. Kusikia kumeshaamuliwa na fotodaiodi na amplifaya ya awali. Kazi ya hii ni kutoharibu kilichosikika.

Sasa turudi kwenye taa

Mwanga ukikatika kabisa, unadhani amplifaya-kikomo inakaa kimya? Hapana. Ina ukuzaji wa mamia ya mara na haina data ya kukuza, basi inakuza kelele za transista zenyewe hadi zinafika kimo kamili. Pato lake linaonekana limejaa mawimbi ya 1 na 0, ya ovyo kabisa, yenye kimo sawasawa na data halali. Ukiangalia kimo peke yake hutajua. Habari ya kimo tulishaitupa.

Ndiyo sababu ndani yake kunawekwa mlinzi. Anakaa mwanzoni mwa foleni, kabla wimbi halijakatwa, anapima kimo cha kweli na kukilinganisha na kizingiti. Kikishuka chini ya kizingiti anapiga kengele: LOS. Taa nyekundu ni kumbukumbu pekee iliyobaki ya kile kilichotupwa.

Mlinzi huyu ana vizingiti viwili, kimoja cha kuwasha kengele na kingine cha juu kidogo cha kuizima. Kama kingekuwa kimoja, mwanga ukikaa mpakani taa ingepepesa kama ya disko. Achanisha hivyo viwili, na mabadiliko madogo yanapuuzwa.

Wakati wa fildi mwaka jana nilifuatana na fundi mmoja hadi nyumba moja maeneo ya Kimara. Kampuni iliyokuja kabla yetu ilishabadilisha ruta mara mbili, na mteja alilipishwa usafiri mara mbili.

"Shikamoo mama. Tatizo linakuja saa ngapi?"

"Marahaba wanangu. Asubuhi nyekundu, mchana inazima, jioni inanikonyeza tena. Na ikizima nayo neti inasuasua. Mtaniletea ruta ya tatu?"

Fundi hakugusa ruta. Alichomoa waya wa faiba akaupachika kwenye pawa mita. Ikasoma dBm −28.6. Mtandao wa nyumba ulikuwa GPON wa daraja la B+, ambao unaitaka ruta isome mwanga usiopungua dBm −27. Alifungua kiboksi cha ukutani, akaisafisha konekta kwa kitambaa na spiriti, akapima tena: −21.3. Toka mikrowati 1.4 hadi 7.4, kwa sababu ya vumbi. Taa haikurudi siku ile, na mama akatuuliza zile hela za ruta mbili anazidai kwa nani. Hatukuwa na jibu la kumpa.

Angalia hapo taa ilikuwa inasema nini. Ilipowaka, ilisema kimo kimeshuka chini ya kizingiti cha mlinzi. Ilipozima, ilisema kimekivuka, basi. Haikusema mwanga unatosha. Kizingiti cha LOS kwa kawaida kimewekwa chini ya kiwango cha kusoma bila makosa, kwa hiyo kuna eneo la kati ambapo taa imezima lakini biti zinakosewa. Mama yule alikuwa anaishi eneo hilo. Ukitaka kujua nguvu halisi ya mwanga, utumie pawa mita, au ufungue ukurasa wa ruta unaoonyesha nguvu ya kupokea. Namba hiyo inachukuliwa kwenye mkondo wa fotodaiodi, kabla hakijatupwa chochote.

Upande wa pili wa waya

Kwenye GPON, waya mmoja unagawanywa kwa nyumba nyingi kwa kutumia splita. Kushuka ni rahisi, kituo kinarusha mfululizo na kila ruta inachukua cha kwake. Kupanda ndiko kwenye kazi. Kila nyumba inapewa zamu fupi ya kurusha. Nyumba ya jirani na kituo inakuja na mwanga mkali, mara ikimaliza inafuata ya mbali yenye mwanga hafifu. Kwa daraja la B+ kituo kinatakiwa kipokee kuanzia dBm −28 hadi −8, tofauti ya mara 100, kati ya zamu moja na nyingine.

Kumbuka ile saketi ya masahihisho tuliyosema lazima iwe pole. Hapa upole ni balaa. Kasi ya kupanda ni gigabiti 1.244, na maandalizi kati ya zamu mbili ni kama biti 96, yaani nanosekunde 77, humo ndani mna nafasi tupu, biti za kuzoea na biti za kutambulisha mwanzo. Kwa hiyo amplifaya-kikomo ya kituoni ina kitu ambacho ya nyumbani haina: waya wa kuifuta kumbukumbu. Kila zamu mpya inapoanza inaambiwa isahau jirani aliyepita, ipime mstari wa kati upya, haraka, kisha itulie. Ni mhesabu kura anayebadilishiwa ukumbi mzima kila baada ya kitambo kisichofika hata kupepesa jicho.

Pale mkato unapokuwa kosa

Tangu SEACOM ilipofika pwani yetu mwaka 2009 na EASSy mwaka 2010, kiu ya data haijapungua, hapa wala kwingineko. Wahandisi walipotaka kasi zaidi kwa kila mwale walikuta kuharakisha biti za ngazi mbili kunazidi kuwa ghali. Njia waliyochagua ni kuongeza ngazi. Kiwango cha Etherneti ya gigabiti 400, kilichopitishwa mwaka 2017, kinatumia wimbi lenye ngazi nne badala ya mbili, ili kila mapigo yabebe biti mbili.

Pitisha wimbi hilo kwenye amplifaya-kikomo uone. Ngazi ya nne na ya tatu zote zinagonga dari. Ya kwanza na ya pili zote zinagonga sakafu. Nusu ya habari imekufa. Kile tulichokitupa bila hasara, yaani kimo, sasa ndicho kinachobeba ujumbe. Hapo wahandisi wanarudi kwa fundi mitambo wa ukumbini: amplifaya za mstari zinazorekebisha ukubwa bila kukata, zikifuatiwa na chipu ya kuchakata wimbi kwa namba. Mikongo ya kisasa ya baharini nayo inabeba data kwenye kimo na fezi ya mwanga, basi nako mkataji hana nafasi.

Hii haina maana saketi yetu imezeeka. Kwenye GPON ya nyumbani, kwenye mrithi wake XGS-PON wa gigabiti 10, na kwenye viungo vingi vya gigabiti 10 na 25 vya ngazi mbili, bado ndiyo ya bei nafuu, ya haraka na isiyokula umeme mwingi. Kinachobadilika ni swali ambalo mhandisi lazima ajiulize kabla ya kuchagua: katika mawimbi haya, habari imekaa wapi? Amplifaya isiyopotosha ni jibu la swali moja tu kati ya mengi. Mtihani unaoomba tuandike "sifa 5 za amplifaya nzuri" bila kusema ni nzuri kwa kazi gani, unatufundisha desa, hautufundishi uhandisi.

Jaribu mwenyewe

Maabara yetu haina vifaa vya gigahezi 10, lakini kanuni hii haihitaji gigahezi. Chukua transista mbili za BC547, rezista mbili za kiloomu 2.2, moja ya kiloomu 4.7 na betri mbili za volti 9. Unganisha betri upate +9, sifuri na −9. Funga emita za transista pamoja, kisha kupitia kiloomu 4.7 hadi −9. Kila kolekta ipande hadi +9 kupitia kiloomu 2.2. Besi moja iende sifuri, nyingine ipokee wimbi la kilohezi 1 kutoka kwenye jenereta.

Weka milivolti 20 kutoka chini hadi juu. Kwenye kolekta moja utaona wimbi safi la kama volti 0.8. Ongeza mara kumi, hadi milivolti 200: linafika kama volti 3.8 na vichwa vimeanza kuwa bapa. Ongeza tena mara tano, hadi volti 1: kimo hakisogei kwa maana, linakuwa mraba. Kisha weka chaneli ya pili ya oskiloskopu kwenye wimbi la kuingia, na uangalie pale mawimbi yote mawili yanapovuka mstari wao wa kati. Vichwa vimekatwa, ila sehemu za kuvuka hazijahama.